Alaimenti ya Tatu

Mke wa fundi hakuwa na wivu wa kijinga. Wake ulikuwa wa kifundi. Miaka tisa wamefanya kazi bega kwa bega gereji, na kila siku mumewe huwafokea wateja: "Badilisha shokapu, funga tairi mpya, ndipo nikunyooshee magurudumu. Alaimenti huja mwisho!"

Lakini kuna mteja mmoja, dada wa gari jekundu: huyo mume alimnyooshea kabla ya tairi mpya, akamnyooshea tena kabla ya shokapu, na leo huyo karudi, manukato yametangulia. Mume akadaka spana, meno yote nje.

Mke akamnyang'anya, akaingia chini ya gari mwenyewe. Alipotoka, akajifuta grisi taratibu.

"Yamenyooka, mdogo wangu. Ukirudi wiki ijayo, nitajua si gari lililokuleta."