Tarehe Ishirini na Tatu Ilikuwa ya Mchungaji

Wifi yangu alikuwa hachelewi. Watu walimwita Saa Kumi na Mbili, wengine kwa heshima, wengine kwa kumteta, na yeye aliitika kote kote. Kila asubuhi ungemkuta kanisani amesimama kwenye ile meza ndogo ya kusomea, kitambaa kichwani, miwani kwenye ncha ya pua, anasubiri mshale wa saa ya ukutani ufike mahali pake ndipo afungue kinywa. Ukiingia umechelewa dakika mbili, maaskofu wameshaombewa. Atakutupia jicho moja la juu ya miwani, nawe utakaa benchi la nyuma kama mtoto aliyekojoa darasani.

Kazi iliyomlisha ilikuwa cherehani. Alikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, anashona sare za shule, na kanzu za kwaya zikichakaa alizishona yeye. Lakini ukimuuliza kazi yake hasa, angekujibu kuwa ni kuombea watu.

Niwaeleze wasiojua kanisa letu la Kianglikana. Kila asubuhi kuna sala, na ndani yake kuna maombezi yenye utaratibu wake. Baada ya maaskofu unaomba kwa mzunguko wa dayosisi: kila tarehe ya mwezi ina parishi yake, unasoma jina la mchungaji wa huko, wazee wa kanisa na familia zao, hivyo mwezi ukiisha dayosisi nzima imeombewa na kila mtu. Kisha wanakuja wagonjwa, ambao majina yao watu huyaandika kwenye vikaratasi na kuvitumbukiza kwenye kopo la biskuti mlangoni. Halafu wafiwa. Mwisho kabisa wasafiri. Baada ya kila ombi sisi tunaitikia, "Bwana, utusikie."

Kwenye wasafiri ndiko alikokuwa anaishi kaka yangu.

Kaka ni fundi wa majenereta. Miaka tisa iliyopita aliondoka na sanduku la vifaa kwenda kufanya kazi mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi. Mwaka wa kwanza alipiga simu kila Jumapili. Mwaka wa pili simu ikawa haipatikani. Wifi alipanda basi mpaka kwenye kampuni yake, akaambiwa fundi huyo ameacha kazi na hakuaga. Akaenda polisi, wakaandika, wakafunga daftari. Mtoto hawakujaliwa. Akarudi, akafungua chumba chake cha cherehani asubuhi yake, na kuanzia siku hiyo akamtaja kaka yangu kila siku ya Mungu: "Na mume wangu, popote alipo, umrudishe nyumbani salama."

Nasi tukaitikia. Miaka saba tuliitikia. Tulikuwa saba au wanane, mvua ikinyesha watano: wajane wawili, nesi anayepitia kanisani akitoka zamu, mimi ninayepika kwenye shule ya jirani, na Mzee Posta, aliyegawa barua maisha yake yote na sasa masikio yamestaafu kabla ya miguu. Mzee Posta hasikii ombi hata moja. Huangalia midomo ya msomaji ikifunga, basi anapasua: "BWANA, UTUSIKIE!" Njiwa wote wa darini huruka.

Siku moja tu kwa mwezi wifi hakuongoza. Tarehe ishirini na tatu ilikuwa ya Mchungaji. Alisema parishi inayoombewa siku hiyo ndiko alikoanzia utumishi, hivyo angependa kuiombea kwa kinywa chake. Enzi hizo dayosisi ilikuwa inaleta makaratasi yasiyoshonwa pamoja, ndani ya faili, na karatasi ya ishirini na tatu aliitunza mwenyewe ndani ya Biblia yake. Sisi tukaona ni upendo. Wifi akawa anasema, "Mchungaji ananipumzisha. Mtu wa Mungu kweli yule." Siku hiyo alikaa benchi la mbele, mikono mapajani, naye akiombewa.

Sasa kulikuwa na seremala, aliyefiwa na mkewe miaka mitano nyuma, mtu mpole, mikono yake inanukia mbao na si pombe. Alikuja kutengeneza mabenchi ya kanisa, akayatengeneza polepole kuliko mabenchi yanavyohitaji. Siku moja alimwambia wifi wazi wazi, mbele yangu:

"Dada, mimi si kijana wa kuzungukazunguka. Nakutaka tuishi."

Wifi hakucheka wala hakukasirika. Alisema atamuuliza Mchungaji. Nikamwambia, "Unamuuliza nini Mchungaji? Atakaa yeye na seremala?" Akanisonya. Akaenda. Alirudi uso umetulia kama maji ya ndoo.

"Amesema nisubiri. Amesema mume wangu yuko hai, anahisi moyoni mwake."

"Anahisi?"

"Wifi, kaka yako huyo. Hutaki arudi?"

Seremala akangoja miezi minane, kisha akaoa mwalimu wa chekechea. Wifi alimshonea bibi harusi gauni. Pindo lake lilinyooka kama rula.

Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita. Mwaka huu dayosisi wakapata maendeleo, wakachapisha kitabu cha mzunguko, kimejalidiwa, jalada la kijani. Kilifika katikati ya mwezi. Wifi alikipenda kama mtoto mchanga, akakifunika kwa karatasi ya kaki, na kila asubuhi alifungua ukurasa wa siku ile tu. Kusoma mbele aliona ni kumwahi Mungu.

Tarehe ishirini na mbili jioni Mchungaji akaumwa jino. Shavu likavimba, akapelekwa hospitali akiwa ameshikilia taulo. Asubuhi mkewe akatuma ujumbe kwa simu: leo Saa Kumi na Mbili ashike ibada. Mama wa watu hakujua chochote, namtetea. Na mwenye jino, maumivu yalimsahaulisha alichokuwa anakilinda.

Wifi akasimama. Akafungua kitabu. Akaomba kwa ajili ya parishi ile, mchungaji wake na mke wake. Kisha akaanza wazee wa kanisa, mmoja mmoja, kwa sauti yake ile iliyonyooka. Jina la nne lilikuwa la kaka yangu. Majina yote matatu: lake, la baba yetu, la babu yetu. Na mbele yake: "fundi wa majenereta, pamoja na mkewe," jina la mwanamke nisiyemjua, "na watoto wao watatu."

Alisoma mpaka nukta. Mnajua msomaji mzuri, mdomo humtangulia akili. Alipofika kwenye nukta ndipo akili ikafika, nikaiona inafika. Alishika meza. Nesi akaweka mkono mdomoni. Wajane wakatazamana. Hakuna aliyeitikia.

Mzee Posta akaona midomo imefunga.

"BWANA, UTUSIKIE!"

Wifi akamtazama yule mzee muda mrefu, bila hasira. Akageuza ukurasa. Akasoma wagonjwa wote waliokuwa kwenye kopo, akasoma wafiwa. Akafika kwa wasafiri. Akawaombea madereva, na wanafunzi wanaosafiri. Akanyamaza pale pale ambapo kwa miaka saba kaka yangu alikuwa anatajwa. Kisha akasema neema, ile sala ya kufungia ibada, akavua miwani.

Nilidhani ataanguka. Alinishika kiwiko, akanivuta mpaka nje, akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Wifi, ulijua?"

"Sikujua."

"Ni kaka yako. Tumbo moja."

"Naapa sikujua, wifi. Hata mimi hakunipigia."

Alinipima kwa macho kutoka juu mpaka chini, vile anavyompima mtu wa sare. Hakusema ameniamini. Akaenda zake.

Mchungaji alirudi siku ya tatu, shavu limepungua. Wifi alimsubiri kwenye chumba cha kuvalia majoho, pamoja na mimi, maana alisema anataka shahidi. Mchungaji alipoona kitabu cha kijani kiko mezani kimefunguliwa pale penyewe, akakaa kabla hajakaribishwa.

"Dada yangu," akaanza.

"Usiniite dada bado. Nina swali la kikanisa." Wifi alikuwa mtulivu hata nikaogopa. "Mshirika akihamia parishi nyingine anatakiwa aende na nini?"

"Barua."

"Barua ya nani?"

"Ya mchungaji wa parishi aliyotoka."

"Na bila barua hiyo, anaweza kufunga ndoa kanisani? Anaweza kuchaguliwa mzee wa kanisa?"

Mchungaji akalitazama joho lake lililoning'inia ukutani, kama lingemjibia.

"Hawezi," akasema.

"Basi nani alimwandikia mume wangu?"

Nje mtu alikuwa anafagia. Tulimsikia amefagia njia nzima.

"Alikuja hapa miaka saba iliyopita," Mchungaji akasema. "Usiku, akilia. Alisema mmeachana kwa amani, na wewe umeridhia, ila unaona aibu kusema. Nikaandika hana kizuizi cha ndoa. Baadaye nikaona wewe unamwombea..."

"Uliona lini?"

"Wiki ile ile."

"Wiki ile ile!" Mimi ndiye niliyepiga kelele. Wifi alininyamazisha kwa kidole.

"Ukanisikia kila asubuhi namwombea arudi nyumbani. Ulidhani namwombea arudi nyumbani kwa nani?"

"Niliogopa kukuvunja moyo. Ungeiacha imani. Niliona imani yako inatujenga sote, watu wanakuja kwa sababu yako..."

"Kwa hiyo ulinitumia kama kengele. Na seremala je? Ulihisi moyoni mwako kuwa mume wangu yuko hai. Kumbe huo moyo ulikuwa na anwani yake!"

Mchungaji akaanza kulia. Sitasema machozi yale yalikuwa ya uongo. Lakini nilishawahi kuona mtu analia ili asiendelee kuulizwa, na wifi naye alikuwa ameona. Hakumpa leso.

"Nataka barua," akasema.

"Barua gani?"

"Ya kuhama. Nahamia parishi ya ng'ambo ya mto, nitatembea kwa miguu. Andika hivi: mshirika huyu ana mume wa ndoa ya kanisani. Mume huyo ni mzee wa kanisa katika parishi ya tarehe ishirini na tatu, ana mke mwingine na watoto watatu. Mimi ninayeandika nilijua, na ndiye niliyempa barua. Weka sahihi. Piga mhuri."

"Siwezi kuandika hivyo. Askofu akiisoma..."

"Ndiyo. Asome."

"Nipe muda niliombee jambo hili."

"Omba," wifi akasema. "Saa kumi na mbili kanisa liko wazi na msomaji hayupo."

Akaweka funguo za kanisa juu ya kitabu cha kijani, tukatoka.

Huu ni mwezi wa tatu na barua haijaandikwa. Mchungaji mwenyewe ndiye anayeongoza asubuhi, anawasomea Mzee Posta na wajane. Nesi siku hizi anatoka zamu na kwenda moja kwa moja kulala. Mimi siendi. Kila Jumatatu Mchungaji anapita kwenye chumba cha cherehani, anasimama mlangoni. "Bado naitafakari, dada," anasema. Wifi hainui kichwa. "Tafakari, Mchungaji. Ya mwenzangu uliiandika usiku mmoja." Na cherehani inaendelea.

Ng'ambo ya mto walimwambia wazi: bila barua atakaribishwa kusali, lakini meza ya Bwana haitamhusu. Basi anakwenda Jumapili, anakaa. Wenzake wakienda mbele kushiriki, yeye anabaki na mikoba yao.

Watu bado wanamletea vikaratasi. Mwanangu ana homa, binti yangu ana mtihani, mama yangu hawezi kutembea. Anawarudishia bila kusoma, anawaambia wakaweke kwenye kopo.

Juzi nilikwenda kumsaidia kutia vifungo. Tulifanya kazi bila maneno mpaka mashati kumi yakaisha. Nikashindwa kuvumilia.

"Wifi, bado unaomba?"

"Naomba."

"Unamwombea nani?"

"Simtaji mtu."

"Hata mimi?"

Alikata uzi kwa meno, akaukagua ule mshono chini ya mwanga wa dirisha, akaniambia:

"Hata wewe."