Ndama wa Sinema ya Kisongo

Kutoka Tabora nilipanda treni hadi Dodoma, kisha lori la mahindi kupitia Kondoa na Babati, nikila vumbi njia nzima. Mlima Meru ulipotokea, nilikuwa nimeamua kukaa miezi michache tu. Tangu nitoke sekondari sikuwahi kudumu mahali. Arusha nilidumu mpaka Waingereza walipokaribia kuondoka.

Siku ileile niliyofika niliripoti kwa Afisa Habari, Mwingereza mrefu mwenye Kiswahili cha jeshini.

"Unajua filamu?"

"Nimeziona, bwana."

"Kuona si kazi. Panda gari."

Gari la sinema lilibeba jenereta, projekta na kitambaa cheupe tulichokifunga kwenye nguzo mbili. Mimi nilieleza picha kwa Kiswahili kwenye kipaza sauti. Dereva wetu Lazaro, Mwarusha wa Moshono, alitafsiri kwa Kimaa, lugha ya Waarusha na Wamasai. Tulianza na katuni, yaani picha za kuchorwa zinazotembea, ili watu wakusanyike. Ndipo ikafuata filamu ya serikali kuhusu josho la ng'ombe.

Katuni yetu ilihusu ndama aliyepotezana na mama yake. Anafika mtoni, fisi yuko nyuma. Anaruka. Akiwa bado hewani, kitambaa kinabaki cheupe. Mjini, watoto wa wenye maduka, Wahindi na Waafrika, walicheka na kupiga miluzi. Kisongo, kijijini nje ya mji, hakucheka mtu.

"Amevuka?" bibi mmoja akauliza.

"Imekwisha, bibi."

"Nimekuuliza ndama, sikukuuliza mashine yako."

Watu wakainuka. "Mmeficha kipande! Mnawawekea Wazungu!"

Afisa akaniinamia. "Waambie ni mchoro tu. Wasipotulia tunafungasha, na Kisongo haturudi tena. Na wewe utafute kazi nyingine."

Nikawaambia ni mchoro. Kelele zikazidi. Lazaro akanivuta shati.

"Ndugu yangu, huku kikao hakivunjwi hivyo. Mzee hajafunga."

Nilikuwa mgeni, sikujua kwamba Waarusha hawaondoki kwenye mkutano kabla mzee hajawabariki. Nikampelekea mzee wa mbele kipaza sauti. Akasimama, akaegemea fimbo yake, akamwombea yule ndama: avuke salama, amkute mama yake, apate maziwa, na fisi akashibe kwingine. Kila alipotua, umati uliitikia "Naai!", yaani Mungu. Bibi akaketi. Afisa alikuwa amevua kofia.

"Weka josho," akaniambia taratibu. Waliitazama yote.

Afisa aliamini mkanda wetu umekatika, akaagiza mwingine Nairobi. Ulipofika tuliuonyesha ofisini, mapazia yamefungwa. Ndama akaruka, kitambaa kikawa cheupe.

"Kumbe mchoraji aliishia hapohapo!" akasema Afisa. "Huyu ni mvivu au ni fundi?"

Siku hizi vijana huniuliza kama filamu inayokatika ghafla inamridhisha mtu. Kwa niliyoyaona, inategemea kama watazamaji wameachiwa nafasi ya kusema lao. Kisongo walikuwa wakitutumia salamu: mtakuja lini, na ndama mje naye.

Miguu ilipoanza tena kuniwasha, niliomba kuacha kazi. Elia, kijana wa Machame aliyechukua nafasi yangu, alinisindikiza stesheni kwenye treni ya Tanga.

"Kaka, ugumu wa kazi uko wapi?"

"Kisongo. Ndama akiruka, zima projekta, mpe mzee kipaza sauti."

"Na akirefusha?"

"Mwache arefushe. Wewe hakikisha jenereta ina mafuta."

Treni ikaanza kutembea.