Jambo Lililokwisha Kunywewa Kahawa

"Wakikuuliza habari ya kesi, sema yote, Baba Lujain," Intisar alimwambia mumewe mlangoni. "Wale si watu wa mtaani kwetu."

Rifaat alicheka kidogo. Alikuwa fundi lipu, Mmisri aliyeoa na kuzaa ugenini, katika mji wa Karak, na leo anahojiwa kuhusu kibali chake cha ukaazi. Akinyimwa, atarudishwa kwao, mke na binti wabaki.

Kesi ilikuwa ya zamani. Aligombana na Dhiyab kazini, akampiga kwa mwiko wa chuma, akamvunja taya, akafungwa miezi mitatu. Alipotoka, wazee waliongozana naye hadi kwa Dhiyab. Kahawa ikawekwa, haikuguswa mpaka Dhiyab alipotamka kwamba amesamehe. Na Karak, jambo likishanywewa kahawa, anayelitaja tena ndiye mkosaji. Wakawa marafiki wa kutaniana, na leo Dhiyab ndiye mdhamini wake. Adabu hiyohiyo ndiyo iliyowaponza.

"Tulia, Mmisri," Dhiyab alimnong'oneza kwenye benchi la ofisi ya uhamiaji. "Unatoka jasho kama bwana harusi."

Ndani, ofisa hakuinua uso. "Umewahi kuhukumiwa?"

Rifaat aliitazama taya ya rafiki yake, iliyopinda mpaka leo. Alitaje lile mbele yake? Heri afe. "Sijawahi, bwana."

"Wewe mdhamini, aliwahi kumdhuru mtu?"

"Huyu? Hata kuku hajui kumchinja."

Ofisa alibonyeza vitufe vya kompyuta yake. Kisha kompyuta ikageuzwa upande wao. Palikuwa na picha yake ya ujanani, na chini yake jina la Dhiyab kama mlalamikaji.

"Kesi ndogo kama hii ningeipitisha," ofisa alisema bila hasira. "Ni ya zamani, na una familia. Lakini umenidanganya, tena umeleta mtu wa kukusaidia kudanganya."

"Bwana, aliyepigwa ni mimi," Dhiyab alisema. "Nami nilishasamehe."

"Wewe ulisamehe. Serikali hakuna aliyeiuliza."

Aligonga muhuri wa kukataa kibali, na askari akaja kusimama mlangoni. Rifaat aliruhusiwa kupiga simu moja.

"Nifungashie nguo," alimwambia mkewe.

Intisar hakuuliza kumetokea nini. "Zako peke yako, au na zetu?"

Rifaat alimtazama ofisa, lakini ofisa alikuwa ameshamwita mtu mwingine.

"Zangu," alisema.