Siku Mama Mkwe Aliponitoa Chooni

Jamani, chekeni mnavyotaka, lakini nilitumbukia kwenye choo changu mwenyewe mbele ya kamati nzima ya kijiji. Ilikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, hapa Misigiri, na kila kaya iliamriwa ichimbe choo maana kuhara kulikuwa kunamaliza watoto. Shimo nilichimba vizuri, refu kunipita, ila juu sikutaka kujichosha na magogo, nikapanga mabua ya mtama nikayasiriba udongo, likapendeza kabisa (mke wangu alinionya, nikamwambia kwani nani ataingia humo?). Mama mkwe alikuwa akiishi kwetu, na kwa mila zetu mkwe unampisha njia, humtazami usoni, sasa anione nikielekea chooni? Bora porini na nyoka wake, ndivyo nilivyopima mimi, mtu mzima na akili zangu.

Siku ya ukaguzi bwana afya akasifu, halafu akasema, "Mzee, hebu simama hapo juu tuone uimara."

Ningekataaje mbele za watu? Nikakanyaga taratibu, nikatabasamu, nikazama. Shukuruni choo hakikuwa kimetumiwa hata na kuku. Mguu ukateguka, udongo wa ukingoni ukaanza kunimwagikia, na huko juu wanaume wanacheka, mwingine anauliza kamba iko wapi. Mama mkwe, aliyekuwa amejificha nyuma ya nyumba kwa heshima, akaja mbio, akalala kifudifudi, akanishushia kanga yake aliyoisokota.

"Shika, baba."

Nanyi mtashangaa, nilisita. Kanga ya mkwe! Nikamwambia, nimeinamisha kichwa, "Mama, ngoja waje wanaume."

"Wanaume wanacheka. Nani atalea wajukuu zangu? Shika."

Nikashika. Mke wangu akamkamata mama yake kiunoni, ndipo wale wanaume nao wakazinduka wakavuta. Sijakaa sawa pale juu, ukuta mmoja wa shimo ukaporomoka wote, pale pale chini nilipokuwa nimesimama. Kicheko kikaisha. Nikamtazama mama mkwe usoni kwa mara ya kwanza tangu nioe, kajaa udongo, analia.

Mguu ulipopona nilikata magogo ya mti mgumu, na porini sikurudi tena. Nilikuwa nikimkuta uani nasema, "Shikamoo mama, naenda chooni," naye anaitikia, "Marahaba baba, nenda salama." Namshukuru mpaka leo. Wanangu, wajukuu zake, wote wamekua nikiwalea mwenyewe.