Bwana Harusi wa Msitu wa Idwal

Jirani yangu Idwal Pritchard, mkata magogo mstaafu wa hapa Wales, ndiye mlinzi wa kindi wekundu wa mwisho bondeni kwetu. Kati ya msitu wao na ule wa kindi wa kijivu pana malisho yangu ya kondoo, na kila mche uliothubutu kuota humo Idwal aliung'oa. Kijivu wanabeba ndui isiyowadhuru wao, lakini mwekundu akiipata, kwisha habari yake. Kijivu aliyevuka malisho alikutana na mtego wa Idwal. Nilimtania kwamba hata mchungaji wa kanisa letu hapiti pale bila ruhusa yake.

Akaja Lowri, binti wa chuo kikuu, akabandika gundi kwenye milango ya masanduku ya njugu ambayo Idwal huwalishia kindi, ili kila anayeingia aache nywele. Alipokwisha kupima vinasaba vya nywele zile, alirudi jikoni kwa Idwal na chai hakuigusa. Alieleza kwamba msitu mzima ni ukoo mmoja, ndugu wanazaana na ndugu, ndiyo maana watoto wanazaliwa wachache na dhaifu. Uwazi wa malisho uliowakinga na ndui ndio uliowanyima damu mpya.

"Kwa hiyo nimewafungia ndani," Idwal alisema.

"Ungewafungulia wangekufa zamani, mzee wangu. Njia nzuri haikuwapo."

Likaletwa dume jekundu kutoka Scotland, limepimwa kila ugonjwa. Tukaliita Bwana Harusi. Idwal alilijengea kibanda cha wavu msituni lizoee mahali, akalipelekea njugu kila asubuhi, akausifia mkia wake mpaka nikamwambia posa tumeshapokea, apunguze maneno. Mimi mwenyewe nililipenda, sifichi.

Lilipofunguliwa, majike halikuwatazama. Asubuhi moja, tukitengeneza ukuta wa mawe, tuliliona likishuka chini na kukata malisho mbio, likielekea kaskazini, kwao. Idwal alilikimbilia na magoti yake mabovu, akianguka, akiita. Nani amewahi kumwita kindi akaitikiwa? Likazama kwenye msitu wa kijivu.

"Miaka yote nazuia wasiingie," alisema akihema. "Sikuwaza kama kuna atakayetaka kutoka."

Tangu siku ile tukawa tunaomba lisirudi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mgeni tuliyemngoja kwa hamu, sasa tunamwombea apotelee huko huko, maana akirudi atarudi na ndui.

Likarudi. Idwal alilikuta ndani ya mtego, ukingoni kabisa mwa msitu wetu, macho yamevimba, midomo imejaa vidonda. Lilipomwona lilisogea mlangoni, kama lilivyozoea kusogea akileta njugu. Alimpigia Lowri simu. Binti alijibu huku analia kwamba dawa hakuna, na likimgusa mwekundu mmoja tu, msitu wote umekwenda.

Nikajitolea kulimaliza mimi.

"Mkwe ni wangu," Idwal alisema. "Wewe kaangalie kondoo wako."

Sikwenda mbali. Nilimwona akivaa glavu na kupiga magoti, akalitoa mtegoni na kulimaliza kwa mikono yake. Halafu akauosha mtego kwa dawa ya kuua vijidudu, akautega tena pale pale.