Vifurushi vya Baba

Kaa karibu nikueleze, ndugu yangu. Juzi nilimwona mkwe wangu akionja uji kabla ya kumlisha mtoto, nikakumbuka boma la Wajerumani pale Rumonge, baba alipofungwa.

Mama alipika ugali wa muhogo na ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwa mawese, akavifunga katika vifurushi vidogo vingi vya majani ya mgomba. Langoni kulikuwa na desturi: mleta chakula huonja kila kitu mbele ya mfungwa, na kuonja kukiisha, huondoka.

Mama alifungua kifurushi, akamega, akatafuna polepole huku akimtazama baba. Akafungua kingine. Nikakasirika.

"Mama, unammalizia baba chakula."

Askari akacheka. "Mama Zuhura, leo umeleta karamu?"

"Ni vidogo tu, bwana askari."

"Haya, onja vyote."

Baba akaniambia kwa upole, "Mwache ale, mwanangu."

Nilidhani anamhurumia kwa njaa. Sasa najua kila tonge lilituongezea muda wa kuwa naye.

Nawe ukimpelekea mfungwa wako chakula, kifunge kidogo kidogo, na uonje taratibu.