Kamba ya Pazia

Dattoba Sutar alifungua na kufunga pazia la ukumbi wetu wa maigizo hapa mjini Sangli kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuna hata siku moja aliyoulizwa maoni yake.

Mchezo mpya wa nyimbo ulipoanza, mhakiki wa gazeti aliandika kwamba koo la mwimbaji wake mkuu, Shevantabai, linahitaji tabibu, si makofi. Mji ukagawanyika. Jumapili mchana, nusu ya ukumbi walikuja na gazeti mkononi kuzomea. Nusu nyingine, nami nikiwemo, tulikuja kumkomoa mhakiki. Kwetu wimbo ukipendeza watu hupiga kelele, "Rudia!" na mwimbaji hakatai. Wimbo mmoja tulimrudisha mara sita.

"Koo bovu hilo?" tuliwatupia wale wa gazeti. "Haya, zomeeni tena!"

Mara ya saba alifungua mdomo, ikatoka damu. Hajaimba tena, hata maji anaomba kwa ishara.

Mpaka leo tunabishana kwenye kibanda cha chai. Wao wanasema mhakiki aliona mbali. Sisi tunasema maneno yake ndiyo yaliyomvunja. Juzi nikachoka, nikamwambia, "Mzee Dattoba, wewe ulisimama karibu naye. Hebu tuamulie, nani alimmaliza?"

Akaweka kikombe chini.

"Mara ya nne alinigeukia," akasema. "Macho yalikuwa yananiomba nifunge pazia. Kamba ninayo mkononi. Nikawaza, nikifunga, wale wa gazeti watatucheka."